Tundu Chini ya Paa

Kila jioni kabla ya chai, Aizirek alikuwa na kazi yake ya nje: kutoa nyasi zilizolowa kwenye banda la bata mzinga na kutandaza kavu. Akimaliza, aliangalia kama tundu lililoachwa chini ya paa liko wazi. Banda hilo la matofali ya udongo lilijengwa na mama yake, kabla hajaenda Urusi kutafuta kazi. Ndani yake aliacha majike wanne na dume mmoja.

"Wakivuka majira ya baridi wakiwa hai," alimwambia Aizirek, "vifaranga wa kwanza ni wako."

Baridi kali ilipoingia bonde la Kochkor, Ulan, binamu yake wa nyumba ya pili, alikuja kuchungulia bandani na mbwa wake nyuma.

"Hawa watageuka mawe," alisema. "Kwani wewe ukilala unaacha dirisha wazi?"

"Bibi ndiye kasema."

"Bibi magoti yanamuuma, hajatoka nje tangu theluji ianguke. Baridi ya leo ataijulia wapi?"

Kijijini kila mtu alikuwa ameziba nyumba yake, karatasi kwenye nyufa za madirisha, udongo kwenye kuta. Aizirek akaona aibu. Aliingia ghalani, mlimohifadhiwa hema lao la malisho ya kiangazi, akachomoa kipande cha mraba cha sufu iliyoshindiliwa. Akakisokomeza kwenye tundu na kukandika samadi mbichi juu yake. Bandani kukawa na joto. Na kwa kuwa kuna joto, akaona hakuna haja ya kubeba nyasi kila jioni kwenye upepo ule.

"Tundu liko wazi?" aliuliza Bibi Sonun, akiwa ameegemea jiko.

"Liko wazi, Bibi."

"Na nyasi?"

"Nimebadilisha."

Uongo wa kwanza ulitoka kwa shida. Wa pili ulipita wenyewe. Baadaye ukawa kama salamu.

Kuta za banda zilianza kutoka jasho, na jasho likaganda. Nyasi zikaoza. Akifungua mlango, harufu ya kinyesi ilimchoma macho, kwa hiyo alimwaga nafaka upesi na kufunga. Asubuhi moja alimkuta jike mmoja amekufa, macho yamevimba, povu puani.

"Ni mbwa wa kina Ulan," alimwambia Bibi.

Kijijini mbwa anayeua ndege wa kufugwa huuawa bila kesi. Baba yake Ulan alimpeleka mbwa wao nyuma ya zizi, na mlio wa bunduki ukasikika mpaka jikoni. Aizirek aliacha kula.

Siku chache baadaye walikufa majike wengine wawili. Mbwa hakuwepo tena wa kusingiziwa.

Bibi Sonun alichukua fimbo yake, akavuka ua wenye barafu hatua kwa hatua. Alifungua mlango wa banda, akakohoa. Kisha akaiinua fimbo na kubomoa samadi chini ya paa. Kile kipande cha sufu kikaanguka miguuni pake.

"Hiki ni nini?"

"Kifuniko cha tundu la juu ya hema."

"Kiangazi nani hukivuta kwa kamba kila asubuhi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Moshi utoke. Na unyevu."

"Kumbe unajua," Bibi alisema. "Ndege ana manyoya, baridi kavu anaistahimili. Akilala kwenye unyevu na hewa chafu, mapafu yanaoza. Haya, nenda kwa Ulan ukamwambie ukweli kuhusu mbwa wake. Mimi sitakusemea."

Ulan alikuwa anapasua kuni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa analala miguuni pangu," alisema, akarudi kwenye kuni zake.

Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, wakawachoma wale bata mzinga waliokufa kwa mafuta ya taa. Aizirek alizoa uchafu wote kwa koleo, akatandaza nyasi kavu, akaweka ubao mpana wa kulalia ili ndege wafunike vidole vyao kwa manyoya. Tundu halikuzibwa tena. Dume alipona, ingawa jicho moja lilipofuka. Jike mmoja alipona pia.

Theluji ilipoyeyuka, vifaranga wakatotolewa. Aizirek aliwaweka wa kwanza kwenye kofia yake, akawapeleka kwa Ulan. Ulan aliwapokea na kufunga mlango.

"Hata hajasema ahsante," Aizirek alimwambia Bibi.

"Usiingoje. Kwa uongo wako uliuziba ukweli kama lile tundu, ukadhani ndani kuko salama, kumbe ndiko kunakooza. Ukweli useme mapema, mjukuu wangu. Ukichelewa, useme vilevile. Ila haumfufui mbwa."