Oili ya Gari la Sieni

Aukuso alikuwa dereva wa teksi mjini Apia, na ukoo wake ulimtegemea kwa jambo moja. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, Aukuso ndiye aliyepelekwa kulikagua giaboksi. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na sikio, pua, na tabia iliyowatia watu kinyaa: akishachomoa kijiti cha kupimia oili, aliweka tone moja ulimini.

"Oili iliyoungua pua inaweza kuikosa," alipenda kujigamba. "Ulimi, thubutu!"

Jioni hiyo alikuwa amekuja kijiji cha Vaitolo na dada yake, Fuatino, kuangalia gari dogo la Kijapani. Fuatino alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa New Zealand akichuma matufaha. Mwaka uliopita Fuatino alikuwa amempoteza mtoto kando ya barabara, akisubiri gari ambalo halikuja. Safari hii aliapa kwamba uchungu utamkuta gari likiwa mlangoni pake.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mkavu aitwaye Palepoi. Alilivua gari mkeka uliolifunika, polepole, kwa mikono inayonuka mafuta ya nazi yaliyochacha.

"Gari la nani hili, mzee wangu?" Aukuso akauliza.

"La binti yangu. Sieni."

"Yeye halihitaji tena?"

"Kuliendesha, hapana."

Aukuso akawasha. Akatia rivasi. Gia ikashika papo hapo, bila kugonga. Akatia ya mbele. Ikashika vilevile, laini kabisa. Akarudia mara kadhaa, sikio limetegwa, akitafuta ule mtetemo mdogo unaowaliza watu wiki moja baada ya kununua. Hakuna.

"Bado kilima," akasema. "Giaboksi inayodanganya huumbukia mlimani."

"Basi nendeni sasa, kabla kombe la bahari halijapulizwa kuita watu kwenye sala," mzee akasema. Hakumtazama Aukuso. Alikuwa akilitazama tumbo la Fuatino.

Fuatino akakaa kiti cha nyuma. Njiani akaanza uchokozi wake. "Kaka, leo usiinywe oili yote. Gari lisije likatuzimikia."

"Cheka tu, dada. Mwaka ujao utakuja kunishukuru."

Kilima kilikuwa kikali, lakini gari lilipanda kama linavutwa kutoka juu. Gia zilibadilika moja baada ya nyingine bila hata kusikika. Aukuso alifurahi mno. Hata hakugundua kwamba Fuatino ameacha utani.

Walipofika kileleni, kombe likalia kule chini. Saa ya sala. Vijijini hakuna gari linalopita saa hiyo mpaka kombe la mwisho. Aukuso akaegesha pembeni, akaacha injini inaunguruma, maana oili ya giaboksi hupimwa ikiwa moto. Akafungua boneti. Ikasimama kati yake na dada yake kama ukuta.

Ndani, Fuatino akaanza wimbo wa sala.

Aukuso akachomoa kijiti.

Harufu ikamjia kwanza. Haikuwa ya kuungua. Ilikuwa tamu... ya vuguvugu... nzito. Aliijua. Ilikuwa harufu ya shuka walizomfunulia siku mkewe alipojifungua. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka, ukawahi kuliko akili. Kidole kilikuwa kimeshafika ulimini.

Chumvi.

Chuma.

Damu.

Akatema. Akatema tena, akajifuta ulimi kwa shati, na bado ikabaki kooni kama kamasi. Kwenye ncha ya kijiti palining'inia kipande cha utando, chekundu cha kuiva, chenye mishipa midogo ya samawati. Kiliteleza taratibu kuelekea vidoleni mwake.

Kilikuwa kinapwita.

Akakitupa kijiti majanini. Ndipo akasikia vizuri wimbo uliokuwa ukitoka garini. Sauti ya Fuatino ilikuwa juu. Chini yake ilikuwapo nyingine, ya kukwaruza, iliyochelewa kila neno kidogo.

"Dada," akanong'ona. "Nani anaimba na wewe?"

"Si wewe?"

"Toka garini."

"Kwa nini, kaka?"

Hapo akakwama. Mambo ya kitanda na ya uzazi kaka hayataji mbele ya dada yake. Aukuso hakuwahi kuyataja tangu azaliwe, hata kwa mzaha. Neno lilifika mdomoni likagoma kutoka.

"Toka tu. Nakuomba."

"Kombe la mwisho bado," Fuatino akajibu kwa sauti ya kubana meno. "Niache nimalize." Wimbo ukaendelea. Zile sauti mbili sasa zilikuwa karibu kulingana.

Aukuso akafumba macho, akapiga kelele: "Kuna damu ya uzazi humu ndani!"

Uso ulimwaka kwa aibu. Wimbo ukakatika. Ikabaki kuunguruma injini tu.

Kisha Fuatino akauliza kwa sauti ndogo sana. "Kaka... umejuaje?"

Akazunguka boneti mbio. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa mpaka sakafuni. Damu ilikuwa imemwanza kwenye kona ya kwanza ya kilima, naye akajikaza na kuimba, kwa sababu angemwambiaje kaka yake jambo kama hilo?

Hakuna gari jingine ambalo lingepita. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mlima. Aukuso akalitazama lile gari kwa chuki iliyochanganyika na kichefuchefu, akabamiza boneti, akaingia.

Alitamani gia igonge. Iteleze. Ifanye lolote la chuma kibovu. Ikashika laini, nyororo, yenye joto chini ya kiganja chake. Kioo cha ndani alikigeuza juu, kwa sababu ya heshima, na kwa sababu ya woga. Nyuma yake Fuatino alilia. Na mtu mwingine akambembeleza.

"Sukuma, mpenzi... sukuma..."

Hakugeuka.

Getini pa hospitali mtoto alikuwa ameshatoka, wa kike, analia kwa nguvu. Mama alikuwa hai. Baadaye kidogo mkunga akamwita Aukuso pembeni, uso umemkunjamana.

"Kondo la nyuma mmelitupa wapi?"

"Hatukutupa kitu."

"Tumboni halimo. Garini halimo. Na kitovu nani amekikata?" Akafungua kiganja. "Kilifungwa kwa hiki."

Ulikuwa unywele mrefu, mweusi, wenye utelezi. Fuatino nywele zake zilikuwa fupi.

Asubuhi Aukuso akalirudisha gari Vaitolo. Mzee Palepoi alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi lililo mbele ya nyumba, matope mpaka viwikoni, akishindilia udongo mbichi.

"Sieni alifia garini humo akijifungua," akasema bila kuulizwa. "Kileleni pale, saa ya sala. Mtoto pia. Tangu hapo hana raha." Akaupapasa udongo. "Usiku amekuja nacho kitu mkononi. Nimemsaidia kukizika."

Aukuso alielewa. Kondo la mtoto huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wake. Hata mtoto akizaliwa ng'ambo, watu husema wa kwetu ni yule ambaye kondo lake liko kwetu.

"Lifukue," akanong'ona.

"Fukua wewe."

Udongo ukapanda kidogo, ukashuka. Ukapanda tena. Ile ladha ikamrudi Aukuso kinywani, nzima, ya vuguvugu, akatapika palepale miguuni pa mzee.

"Gari chukueni," Palepoi akasema kwa upole. "Sitaki kitu. Mjukuu wangu akianza kutembea, atataka kuja."

Aukuso akauangusha ufunguo chini, akaondoka kwa miguu.

Alipofika wodini, Fuatino alikuwa ananyonyesha. Hakuwahi kumwona ameng'ara hivyo.

"Kaka, tunalichukua, si ndiyo?" akasema. "Bila gari lile huyu asingekuwepo. Au giaboksi ina tatizo? Niambie ukweli."

Aukuso akafungua kinywa. Yalimjaa mdomoni yote, kondo, damu, kaburi, na hakuna hata moja ambalo kaka angeweza kumwambia dada yake kitandani pa uzazi. Mtoto akaacha kunyonya. Akatulia, macho wazi, akimtazama.

"Giaboksi ni nzima," Aukuso akasema.

Mtoto akarudi kunyonya.