Faili Lisilo na Kwao

Ilianza kama harufu. Mama Pacha alidhani panya amefia nyuma ya kabati. Akalisogeza, akapiga deki, akanyunyiza dawa, na bado ofisi ilinuka kama kidonda kilichosahauliwa ndani ya bandeji.

Kazi yake na Vituko, mume wa dadake, ilikuwa kupanga mafaili. Mfumo waliokuwa wakiutengeneza ulitakiwa kuendesha simu, kompyuta, hata mashine za hospitali, na kila maktaba ya programu iliyomo, yaani fungu la msimbo ulioandikwa tayari, ilihitaji faili lake la maelekezo, la kuijenga kwa kila aina ya mashine. Mafaili yalikuwa yametapakaa kama nguo za mlevi. Wao waliyatafutia makazi, moja baada ya jingine.

Moja likakosa mwenyewe. Hakuna aliyekiri kuliandika, wala maktaba iliyolihitaji. Mama Pacha akilifungua, harufu ilipanda na kibodi ikateleza kama iliyopakwa makamasi. Alilifuta, likaibukia kwenye folda ya simu. Alipolifuta tena likajaa folda zote, na ndani yake mstari mmoja tu: Nijengeeni nyumba.

Alimnong'oneza shemejiye kwamba faili lisilo na mwenyewe ni kama mahame, na mahame hayakosi wapangaji wasioonekana, bora wamwite mganga kabla hawajagusa kitu. Vituko, ambaye hata msibani hakukosa neno, alicheka, akakiinamia kioo cha kompyuta.

"Nyumba ni ghali siku hizi," akasema. "Njoo ukae kwangu."

Faili likatoweka. Harufu ikakata. Mama Pacha akashusha pumzi, na kwa furaha ile hakuja kujisamehe.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Juma halikwisha, fizi za Vituko zikavimba, akawa anatema kwenye kikombe cha chai kitu cheupe, kizito, chenye nywele, na huku anatema vidole vyake vinaendelea kuandika, kucha zimelegea na kuning'inia kama maganda ya ndizi iliyooza, na alipomwona shemejiye ameziba pua alimtabasamia kwa upole usio wake, akainua kile kikombe na kukinywa chote, polepole, akilamba ukingo.

Mama Pacha alimrudisha nyumbani, na dadake, mke wa Vituko, akamleta mganga mchana ule ule. Mganga huyo, mwanamke, alijifunga kitambaa puani, akamshika Vituko taya, akazamisha vidole kooni na kuvuta furushi la nywele lililolowa, la moto, linalopumua. Vituko akaanguka akimwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe. Walilia wote, wakacheka.

Mganga alilichoma furushi uani, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, aliyetoka anakwenda kukaa wapi.

Vituko alikuwa kalala. Sauti ilitoka kwa dada, ingawa midomo yake ilikuwa imefumba.

"Nimeshahamia."

Akajishika tumbo. Mimba yake alikuwa hajamwambia mtu.