Mapengo ya Mama Kidoti

Kwenye rekodi ya mazoezi, jibu lilikuja kabla Besi hajafungua mdomo.

Fundi mitambo alirudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akavua hedifoni na kuzipangusa kwa ncha ya shati. Alikuwa mdogo wa marehemu mke wa Besi, na tangu msiba alijizoeza kutotaja kila alichokisikia.

Kazi yao ilikuwa kuingiza sauti kwenye tamthilia za kigeni, katika chumba kisicho na dirisha kilichobandikwa sponji ukutani. Mke wa Besi ndiye aliyekuwa sauti ya mhusika mkuu, wakili mmoja mkali mwenye ulimi wa wembe. Alifariki tamthilia ikiwa haijafika mwisho. Wenzake walirekodi sehemu zao kama kawaida, na pale pake pakaachwa kimya. Mtu anauliza, kimya. Mtu anasema nakupenda, kimya. Mwenye studio alitaka kuajiri mwanamke mwingine. Besi, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake nzito, aliomba mapengo hayo ayajaze yeye.

Watu walidhani msiba umemvuruga. Lakini alikwenda kwa mwalimu wa sauti, mama mkavu asiye na mzaha, naye akamweleza kwamba sauti ya kike si kupandisha tu, kwani anayepandisha tu huishia kulia kama kuku. Alimfundisha kuinua koo kidogo kama anayetaka kumeza, na kuuleta mvumo mbele karibu na meno. Alimwambia aweke kiganja kifuani. Kifua kikitetemeka, mwanamume bado yumo.

Nyumbani Besi alifungulia rekodi zile jikoni, akawa anajibu huku anaosha vyombo. Shemeji yake, yule fundi, alimtania kwamba akizidi hapo wachumba wataanza kubisha hodi. Bintiye, Kidoti, wa darasa la pili, mwanzoni alicheka hadi akashika tumbo. Baadaye aliacha kucheka. Akawa anavuta kiti na kusikiliza, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni.

Mvua zilipoanza, sauti ilikuwa imekaa. Kwenye pumzi yake kulisikika harufu ya karafuu, ambazo mkewe alikuwa akizitafuna kabla ya kurekodi. Besi hakuwa amenunua karafuu. Alijiambia ni masalia ya kabatini.

Kisha Kidoti akamwambia, taratibu, kama anayesema siri ya mtu mwingine:

"Baba, mama anaongea hata ukifunga mdomo."

Besi alikwenda kwenye kioo cha bafuni. Aliweka kiganja kifuani, akasema jina lake mwenyewe kwa sauti ile ya kike, na kifua kikatulia. Akanyamaza. Hapo ndipo kilipoanza kutetemeka chini ya kiganja, polepole, kama simu inayoita kwenye chumba cha jirani.

Aliacha mazoezi siku hiyohiyo na kufuta rekodi zote. Sauti haikuacha. Alipoagiza mkate dukani, ilitoka ya kike, na muuzaji akaangalia nyuma yake kumtafuta mwanamke. Alipojaribu kurudi kwenye sauti yake aliishia kukohoa. Na alasiri moja, akiwa amepitiwa na usingizi kwenye kochi, aliamshwa na baridi usoni, akasikia mdomo wake mwenyewe ukimbembeleza mtu, ukisema sogea mama, usiogope, bado kidogo, akageuka na kuona mlango wa baraza uko wazi, pazia linapepea, na nje, ghorofa ya tatu, Kidoti ameshapitisha mguu mmoja juu ya ukingo na sare yake ya shule imelowa mvua, akitabasamu kwa kutii.

Alimvuta ndani kwa nguvu hadi wote wakaanguka.

"Mama kasema nishuke," mtoto alisema. "Kasema atanidaka."

Shemeji yake ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo aliyevua viatu mlangoni na kunusa hewa kama anayekagua gesi inayovuja. Alisimuliwa kila kitu, kuanzia studio hadi barazani. Akauliza jambo moja tu: pengo lilipofika, Besi alijibu papo hapo?

Besi aliinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ya marehemu kwamba alikuwa akisubiri kidogo kwanza.

"Ulikuwa unamsubiri nani?"

Besi aliweka kiganja kifuani.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Aliyekuja si mkeo. Mkeo hana haja na koo la mtu." Mganga alimtazama Kidoti, kisha akashusha sauti. "Naweza kumtoa. Lakini ameshikana na sauti yako. Hatoki peke yake."

"Itakwenda hii ya kike?"

"Zote."

Fundi alitaka kusema kitu. Besi alimzuia kwa mkono.

"Mtoe," alisema, na hilo likawa neno lake la mwisho.

Sauti iliomba ibakizwe, ikamwita fundi kwa jina la utani ambalo dada yake tu alikuwa akilitumia, ikacheka, ikalia kama mama aliyefungiwa nje, na ilipokatika Besi alibaki ameduwaa, mdomo wazi, bila hata mkoromo. Harufu ya karafuu ikatoweka. Kidoti akalala bila kushtuka. Studio ikaajiri mwanamke mwingine.

Nyumba ikazoea kimya. Besi alimwita mwanawe kwa kupiga makofi, akamkanya kwa kidole, akambembeleza kwa kumpapasa kichwani. Mtoto hakulalamika.

Siku moja mchana alimkuta ameketi sakafuni mbele ya mlango wa ngazi, amejaa fahari.

"Baba, nilitaka kukurudishia sauti yako," alisema. "Nauliza swali, halafu nasubiri. Leo imejibu."

Nje, kwenye giza la ngazi, mwanamume mwenye sauti nzito alisafisha koo.

"Kidoti," sauti iliita, kwa upole wote ambao Besi alikuwa nao zamani. "Njoo, mwanangu. Tushuke."

Besi alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Alifungua mdomo, akasukuma hewa kwa nguvu zake zote, na hakikutoka kitu. Kidoti alijinasua, macho yakiwa mlangoni, bila hasira, akimsukuma taratibu kama anayemwomba njia mgeni.

"Niache," alinong'ona. "Baba ananiita."