Kilichokula Volti za Profesa

Majirani walimwita Profesa, na hawakuwa wakimsifu. Mtu mzima, karani wa ghala, kila akitoka kazini anajifungia na redio yake ya upepo, ile ya kuongea na kujibiwa, kuwapayukia watu wa mbali ambao hawakumuuliza kitu. Sasa redio ikaanza kumwaibisha: akibonyeza kitufe aongee, taa zake zinafifia na sauti inakatika.

Betri ilikaa stoo. Waya ulipita ukutani, chumbani kwa binti yake mdogo, hadi kwenye meza ya redio. Profesa akapima kwenye betri, akapima mezani. Mita ikasoma volti kumi na tatu huku na huku.

"Waya mzima," akasema.

"Unapima ukiwa kimya," mkewe akamwambia. "Nikiwa chumbani kwa mtoto, ukianza tu kuongea, nasikia kitu kinameza ukutani. Ni jini hilo."

"Jini gani linakula volti?"

Hata hivyo akampa mkewe kipaza sauti abonyeze, yeye akashika mita. Mshale ukaporomoka hadi tisa. Alipofungua viungo vya waya, vilikuwa vimelowa, vinang'aa kama kijiko kilicholambwa, vinanuka nywele zilizoungua.

"Waya mwembamba, safari ndefu, umeme unapotea njiani," Profesa akatangaza. "Ni hayo tu, mama watoto."

"Basi liache lishibe huko huko, baba watoto. Ukilinyima hicho, litatafuta kingine."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake akavuta waya mnene kama kidole, akalehemu kila kiungo, akabonyeza. Mshale haukutikisika. Akaanza kutamba hewani.

"Achia kitufe," mkewe akasema kwa sauti ndogo, mlangoni mwa chumba cha mtoto. "Mtoto anapoa."

Akaachia. Mtoto akavuta pumzi, rangi ikamrudi. Mwenye akili angeishia hapo. Profesa akarudi kubonyeza tena, eti ahakikishe, na ile harufu ya nywele ikajaa nyumba nzima, na mkewe, aliyempakata mtoto, akaona midomo ikigeuka rangi ya majivu, na vidole vikikakamaa, na macho yakififia taratibu kama zilivyofifia taa za redio, na ndani ya kile kifua kidogo, si ukutani tena, akasikia kitu kinameza.

"Lirudishie chakula chake," akanong'ona. "Nakuomba."

Bingwa wetu akaachia kitufe, akang'oa waya mnene huku akilia, akarudisha ule mwembamba na viungo vyake vilivyolowa. Lakini waya ukiwa kimya hausemi kitu. Ili kujua kama jini limerudi ukutani, ilikuwa lazima abonyeze tena. Alisimama pale na mita mkononi, yeye aliyedharau kila kisichopimika, na kwa mara ya kwanza maishani akamwomba Mungu volti zipotee.

Akabonyeza. Mshale ukabaki kumi na tatu, haukutikisika hata kidogo, na chumbani mkewe akaanza kumwita mtoto, akamwita tena, na tena.