Matukio Yasiyo na Kadi

Nilimuaga mama kwamba nakwenda kazini mara moja kuchukua chaja. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo jioni, jua limeshaanza kulegea. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha marehemu mdogo wangu, anakunja nguo zile zile alizozikunja wiki iliyopita.

"Usichelewe," alisema. "Leo ndiyo leo."

Chaja ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilichokuwa nakifuata kazini ni jina la mtu, nilijue kabla hajaangamia, ili kesho watu wakisema fulani kapatwa na makubwa, mimi nijifungie chooni nicheke. Mniite nina roho mbaya, nitaitika. Tangu nimzike yule mtoto sina roho nyingine.

Mdogo wangu tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa mfanya usafi pale pale ninapofanya kazi mimi, kwenye ghala la nyama ya kugandishwa. Kazi ile nilimtafutia mwenyewe. Miezi mitatu iliyopita aliingia chumba cha baridi jioni, kukwangua barafu sakafuni, mlango ukajifunga nyuma yake. Wakamkuta asubuhi. Alivyokuwa amejikunja siwezi kusema, mtanisamehe.

Kila mlango pale unafunguka kwa kadi, kwa nje na kwa ndani. Siku ile Chiriku hakuwa na kadi. Msimamizi wa ghala, mwanaume mmoja mwenye kiburi tunayemwita Nyundo, alimnyang'anya kadi siku tatu nzima kumwadhibu kwa kuchelewa. Kwa hiyo aliingia kwa kufunguliwa na mwenzake, na mwenzake akaenda zake nyumbani. Lakini ndani ya kila chumba kuna kitufe cha kengele. Ukikibonyeza, kengele inalia kwa mlinzi getini, na mfumo unaandika kadi uliyoivaa.

Mlinzi aliapa mpaka machozi yakamtoka kwamba haikulia.

Nyundo akasema basi marehemu hakubonyeza. Pengine alisinzia. Alisinzia! Mtu asiyeweza kukaa kimya dakika mbili, asinzie juu ya barafu! Damu ilinichemka. Siku hiyo hiyo nikajua moyoni kwamba Nyundo ndiye aliyeizima ile kengele, na ningepewa nafasi ningemla nyama mbichi.

Ndipo mimi na mama tukaenda kwa mganga. Msidhani ni mtu wa mafuvu na manyoya. Ni mama mmoja mnene, miwani kaifunga kwa uzi, anakaa chumba cha nyuma ya duka la vitambaa na daftari lake mezani.

"Jina ninalo," nilimwambia kabla hata sijakaa vizuri.

"Jina la nini? Majina watu wananiletea kwa chuki zao, halafu nakuja kuumiza asiyehusika. Nipe tendo. Nimtafute mwenye tendo gani?"

Nikamwona huyu mama tuko naye kazi moja. Mimi kutwa nzima nakaa mbele ya rekodi za mfumo wa ghala, mistari maelfu kwa maelfu, kila mstari tukio moja: saa, mlango, kadi, kilichotokea. Huwezi kuisoma yote, utapofuka. Unaweka sharti. Nionyeshe mlango huu tu. Nionyeshe kadi hii tu. Yasiyolingana na sharti yanaondoka, yanayolingana yanabaki, na mfumo hauna upendeleo wala hauna huruma.

Mama yangu ndiye aliyelijibu swali la mganga. Sauti ndogo, kavu.

"Aliyezima kengele ya mwanangu."

Mganga akaandika. "Apatwe na nini?"

"Aite. Asisikike."

"Haya. Jumapili, jua likizama." Akafunga daftari, akatuuliza kama tungependa kuona vitambaa vipya.

Sasa Jumapili ndiyo hiyo. Getini nilimkuta mlinzi anasikiliza mpira kwenye redio.

"Dada! Hata Jumapili hawakuachi?"

"Chaja, kaka. Dakika kumi."

Nikaweka kadi, nikaingia chumba cha mitambo ya kompyuta. Hakina dirisha. Kiyoyozi hakizimwi mchana wala usiku, mashine zinanguruma taratibu, na ukikaa sana vidole vinakufa ganzi. Mlango ukajifunga nyuma yangu.

Tik.

Nikawasha kompyuta. Utafutaji huu nilishaufanya mara nyingi, nakwambia mara nyingi, nikilia na nikitukana. Siku iwe ile ya msiba. Mlango uwe chumba cha baridi. Tukio liwe kengele ya ndani. Na kadi isiwe 900, kwa sababu 900 ni kadi ya majaribio ya fundi wa kengele, inajaza rekodi takataka. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: hakuna tukio. Nikawa nasema Nyundo kafuta. Mshenzi, kafuta.

Nikabonyeza tena. Hakuna tukio.

Ndipo nikasikia harufu...

Dawa ya kusafishia sakafu. Ile ya ndimu. Chiriku alikuwa anarudi nayo nyumbani mikononi, hata akioga haitoki. Nikageuka. Hakukuwa na mtu, ni taa ndogo za kijani tu zinapepesa.

Nikarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta, nikalisoma lile sharti langu kama ndiyo naliona mara ya kwanza. Kadi isiwe 900.

Isiwe 900... Lakini mfumo wetu, ukiuambia hivyo, kwanza unataka mstari uwe na kadi, ndipo uangalie kama ni 900 au siyo. Mstari usio na kadi kabisa, hata kuuangalia hauuangalii. Unaupita. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Na mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu!

Nikaligeuza sharti. Leta yote, halafu ondoa yenye kadi 900.

Mistari arobaini na moja.

Mlango: chumba cha baridi. Tukio: kengele ya ndani. Kadi: patupu. Saa moja na dakika nane jioni. Saa moja na dakika tisa. Saa moja na dakika tisa tena. Mwanzoni alikuwa anabonyeza kwa hasira, nilimwona kabisa, anabonyeza na kutukana. Kisha dakika tano tano. Kisha kumi. Wa mwisho, saa nne na nusu usiku.

Nililia kwa sauti. Halafu nikafurahi, Mungu anisamehe. Maana sasa ushahidi upo: kengele ilipigwa, na kama mlinzi hakuisikia, kuna mtu aliizuia njiani. Kengele ya getini inatoka kwenye kioo cha kompyuta ya mlinzi. Kisichoonekana kwenye kioo hakilii. Mtu alikigusa kioo kile. Na mfumo huandika kila anayegusa.

"Nimekupata, Nyundo," nilinong'ona.

Nikaandika: kioo, getini. Kitendo, kubadili kichujio, yaani lile sharti la nini kionekane.

Mstari mmoja.

Wiki mbili kabla ya msiba. Kichujio kipya: onyesha matukio yenye kadi tu.

Mtumiaji: 114.

Nikaitazama ile namba. Nikaitazama kadi inayoning'inia kifuani kwangu.

Mia moja na kumi na nne.

Kumbukumbu ikaja yenyewe, taratibu. Sensa, vile vifaa vinavyohisi mlango na kitufe, zilikuwa zimeingia unyevu, zinatuma kengele ovyo, mistari mitupu isiyo na kadi. Mlinzi alinijia ameshika kichwa: dada, nifanyie kitu, nitakuwa chizi na makelele haya. Nilikuwa nimesimama, kipande cha mkate mdomoni. Nikaandika sharti moja, asiye na kadi asionekane. Dakika haikuisha. Akaniita fundi wa mafundi, nikacheka, nikaenda kula. Sensa zikabadilishwa siku tatu baadaye. Kichujio nikakisahau.

Jamani, nilikisahau. Sikuwa na ubaya na mtu.

Kwenye kioo changu mstari mpya ukatokea.

Mlango: chumba cha mitambo. Tukio: kengele ya ndani. Kadi: patupu.

Chumba cha mitambo ndicho hiki. Na mimi sikuwa nimebonyeza kitu...

Nikaruka mlangoni, nikaweka kadi. Taa nyekundu. Nikaifuta kwa gauni, nikaiweka tena. Nyekundu. Nikabonyeza kitufe cha kengele kwa ngumi. Nilipogeuka, mstari wa pili ulikuwa umeshaandikwa. Kadi patupu. Wa tatu. Patupu. Kwa mlinzi pale hapaonekani kitu, hapalii kitu.

Nikakimbilia kile kichujio nikifute. Nikakifuta. Nikahifadhi.

Kikarudi.

Nikafuta tena. Kikarudi. Nikapiga kelele mpaka koo likachanika, nikaupiga mlango kwa kiti, nikapiga simu ikakataa kutoka. Redio ya getini nilikuwa naisikia vizuri ukutani, hadi mtangazaji anavyovuta pumzi. Nikamsikia mlinzi akishangilia goli. Yeye yuko hatua ishirini.

Harufu ya ndimu ikanisogelea. Ikasimama nyuma ya sikio langu la kushoto.

"Bonyeza tena, dada," ilisema sauti. "Mimi sikuchoka mapema hivyo."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Utani wake ule ule... ila bila kicheko.

"Sikujua," nilimwambia. "Wallahi sikujua."

Hakujibu. Maisha yake yote sikuwahi kumwona asijibu.

Simu ikaita. Mama! Niliipokea.

"Mama! Niko kazini, nimefungiwa, mpigie mganga! Mwambie aache! Mama, ni mimi!"

"Halo?" alisema mama. "Halo? Mwanangu? Mbona kimya? Ah, mitandao hii." "Sijui kama unanisikia. Nasema hivyo hivyo, siwezi kungoja."

"Mama, nisikilize!"

"Mganga kanipigia sasa hivi. Mwenye tendo kanasa! Jua limezama tu, kanasa." Na mama akacheka. Miezi mitatu sikuwa nimemsikia akicheka. "Anasema yuko mahali pa baridi, analia, anamwita mama yake. Akaniuliza, mwenye uchungu ni wewe, unasemaje, tumwachie?"

Nilikuwa nimepiga magoti. Nilikuwa namwita kwa jina nililomwita nikiwa mdogo, sijalitumia miaka ishirini.

"Nikamwambia ng'o. Wa kwangu naye aliita mama." Akapenga kamasi. "Nimekosea, mwanangu?"

"Mama..."

Akasikiliza. Nilimsikia anavyosikiliza, pumzi zake, kitanda cha mdogo wangu kikilia chini yake. Alisubiri nijibu, na mimi nilikuwa najibu kwa nguvu zangu zote.

"Unanyamaza," alisema mwishowe, kwa upole. "Nakujua, ukinyamaza umekubali. Haya, njoo basi. Nimekupakulia."