Malkia Aliyefukiziwa Ubani

Kiti cha enzi jukwaani kilikuwa na joto. Mshonaji alikigusa asubuhi alipokuja kukipachika kitambaa chekundu, akaurudisha mkono haraka. Ukumbi ulikuwa umefungwa tangu jana, na funguo alikaa nazo yeye.

"Kaka, nani alikuwa amekaa hapa?"

"Jua hilo," alijibu kaka yake, ambaye kundi zima la waigizaji lilimwita Bosi.

Dirisha lilikuwa upande wa pili.

Walikuwa wakifanyia mazoezi tamthilia ya kale ya malkia aliyemzamisha mtoni mtoto wa mumewe ili binti yake arithi kiti. Malkia aliigizwa na mke wa Bosi, na vita vilianzia hapo.

"Huyu ni shetani mtupu," Bosi alisema. "Nataka watu wamchukie akiingia tu."

"Ameua, sikatai. Lakini baadaye kuna ukurasa mzima anatetemeka kwa alichokifanya, mume wangu, na wewe umeufuta. Mfalme naye kaua ndugu zake wawili, mbona yeye unampigia makofi?"

"Mfalme ni mfalme."

"Basi mchezo ujao niachie mimi niongoze."

Waigizaji wakaguna. Bosi alicheka kwa mdomo, macho yakabaki makavu.

Tangu siku hiyo ukumbi ukaanza kunuka tope la mto. Kila malkia alipofungua kinywa, mtu asiyeonekana alivuta pumzi pamoja naye, pumzi nzito yenye maji ndani. Kisha Kibonge, aliyeigiza mfalme, alikalia kile kiti akakabwa na kitu, na walipomng'oa pale shingo yake ilikuwa na alama za vidole vilivyolowa.

Macho yote yakamgeukia mke.

"Wifi," mshonaji alimnong'oneza, "hili jini umelileta wewe. Ulivyomtetea yule muuaji! Na unavyokitaka cheo cha kaka yangu!"

"Kutaka kuongoza ndiko kuwa na jini?"

Wakatuma mtu amwite mganga.

Mganga alikuja mchana kweupe, mama mfupi asiye na maneno mengi. Kabla hajauliza lolote, walikuwa wamekwisha kumkalisha mke chini, wamemfunika shuka jeupe na kumfukizia ubani mpaka akakohoa na machozi yakamtoka. Hakikutoka kitu. Ndipo ile pumzi ya maji ikasikika nyuma yao, na walipogeuka walimwona Bosi amesimama mlangoni, tope likimchuruzika puani na mdomoni, likishuka shingoni, likilowesha shati, likitambaa sakafuni kuelekea miguuni mwao, huku sauti isiyo yake ikipanda kutoka tumboni mwake taratibu.

"Mmemkalisha nani hapo? Mimi niko huku, tangu huyu aliponiita akaniambia atatoa chochote, mradi mkewe asimpite."

Bosi akaanguka. Midomo ikawa ya bluu.

"Anazama," mganga alimwambia mke. "Mshike, umwite kwa jina lake. Mwingine hawezi."

Mke alipiga magoti. Sauti ikamnong'oneza, tamu sasa. "Mwache nimmalize. Kundi litakuwa lako. Si ndicho ulichokitaka?"

Alikitaka. Alikitaka sana, na kwa kitambo mikono yake ilibaki hewani, watu wote wakiiona. Kisha akamkumbatia mumewe na lile tope lake, akamwita, akamwita mpaka sauti ikamkauka, na kitu kizito kikachomoka kifuani mwa Bosi, kikapita katikati yao kama ng'ombe aliyelowa, kikauvunja mlango kikaenda zake.

Bosi alifumbua macho. Akanywa maji. Akawatazama waigizaji wake mmoja mmoja, kisha akamsukuma mkewe kando.

"Poleni, jamani," alisema. "Mke wangu alikuwa na jini. Namshukuru Mungu nimelitoa."

Mshonaji akainamisha kichwa. Kibonge akasema, "Pole, Bosi." Wengine wakaitikia.

Mke alimgeukia mganga, nguo zimemganda mwilini. "Mama," alinong'ona, "bado limo?"

Mganga aliweka kiganja kifuani kwa Bosi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Limetoka lote," alisema. "Huyo ni yeye mwenyewe."