Usukani Uliovuta Kushoto

Jioni ile ya Desemba Viorel alikuwa na safari moja tu, tena fupi: kupeleka usukani kwa bwana mmoja ng'ambo ya mji, wabadilishane na spika. Walikuwa wameelewana mtandaoni. Dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi, kisha supu.

Usukani wenyewe haukuwa wa gari. Ulikuwa ule wa kuchezea gemu, wa kufunga kwenye ukingo wa meza, na pedeli zake tatu za kuweka sakafuni. Viorel alikuwa ameuviringisha kwenye blanketi, blanketi akalifunga kamba, na mzigo wote akaufungia kwenye buti la gari. Mtu hafungi kamba kitu kisichokwenda popote. Lakini usukani ule, kwa wiki kadhaa sasa, ulikuwa unageuka wenyewe. Waya haujachomekwa. Kompyuta imezimwa.

Krrr... kushoto.

Krrr... kushoto tena.

"Hitilafu," alijiambia. Mpenda mashine hana ugonjwa mwingine anaoujua.

Na hitilafu zilikuwa zimejaa nyumba nzima. Kwenye gemu la mpira, winga wake wa kulia alikuwa akiliacha goli wazi na kukimbilia kushoto mpaka nje ya uwanja, huku wapinzani wakimtumia vicheko. Alinunua kidhibiti kipya, nacho kikavuta kushoto. Ile mashine ya kufagia yenyewe ilizunguka kushoto kama mbuzi aliyefungwa kambani, mpaka chaji ikaisha. Alipiga simu huduma kwa wateja. Akasikilizishwa muziki nusu saa, ndipo binti akaja hewani.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha, kaka?"

"Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeipiga na makofi."

"Basi subiri sasisho jipya."

Sasisho likaja. Likachukua saa tatu kujipakia. Baada ya hapo vitu vikavuta kushoto vilevile, ila sasa kwa kasi zaidi.

Tuseme ukweli ambao Viorel mwenyewe hakutaka kuusema: alijua vizuri yote yale yalianza lini.

Usukani ule ulikuwa wa Mjomba Pandele, mume wa shangazi yake Safta. Pandele aliendesha basi namba kumi na moja pale mjini Galați kwa miaka thelathini na moja, zamu ya jioni, kuanzia saa kumi na robo, na hakuwahi kumgonga hata kuku. Ndiye aliyemlea Viorel baada ya wazazi wake kufa, na ndiye aliyemfundisha kuendesha. Alipostaafu alikaa wiki nzima akiangalia ukuta. Wiki ya pili akanunua kompyuta, usukani, na gemu la kuendesha basi. Tangu hapo, kila siku saa kumi na robo alivaa kofia yake ya kazi, akatia peremende ya mnanaa mdomoni kuficha harufu ya tumbaku, akaketi. Alisimama kila kituo. Aliwasubiri wazee wa ndani ya skrini wapande taratibu na mikoba yao. Taa ikiwa nyekundu hakuivuka, ingawa hakukuwa na askari wa kumkamata. Shangazi Safta alimletea chai na kumwita dereva.

Septemba alifia kwenye kiti hichohicho, mguu juu ya breki.

Kwao, siku ya arobaini hutolewa sadaka ya marehemu, na hawatoi chakula peke yake. Hutoa vitu vyenyewe: kikombe, taulo, viatu, hata kitanda. Jirani hupokea kitu kwa mikono miwili pamoja na mshumaa unaowaka, akajibu neno moja, bogdaproste, yaani Mungu amsamehe marehemu, neno lisilotamkwa kwa zawadi nyingine yoyote. Likishatamkwa, kitu kimefika. Jirani anabaki nacho huku, marehemu anacho kule. Ndiyo maana hakuna anayetoa viatu vilivyotoboka. Nani ampeleke mtu wake akatembee peku milele?

Shangazi Safta aliamua Pandele apelekewe usukani wake.

Sasa Viorel naye alikuwa na wake, wa aina ileile, rangi ileile. Ila wake ulikuwa unavuta kushoto, na pedeli ya breki ilikuwa imekufa. Dhamana ilikwisha siku tisa kabla haujaharibika, jambo lililomuuma kuliko msiba wenyewe. Basi mkesha wa arobaini, shangazi akiwa jikoni anakoroga ngano ya matanga, Viorel aliingia chumbani na mfuko, akatoka na mfuko. Mbovu akauacha. Mzima akauchukua.

"Maiti hachezi gemu," alinong'ona akishuka ngazi.

Siku za mwizi ni arobaini. Huyu aliiba siku ya thelathini na tisa, akadhani amewahi.

Kesho yake Neculai, jirani na dereva mwenza wa marehemu, akapokea ule mbovu kwa mikono miwili. Mshumaa ukawaka. Akajibu neno.

Ukafika.

* * *

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mto Danubi na kuzimeza taa za barabarani. Viorel aliendesha polepole, simu ikimwelekeza njia.

"Baada ya mita mia moja, geuka kushoto."

Kushoto kulikuwa mtoni. Akanyoosha moja kwa moja.

"Geuka kushoto."

"Koma," alisema, akaizima. Skrini ikawa nyeusi.

"Geuka kushoto."

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Mnanaa kwanza. Kisha, chini ya mnanaa, tumbaku. Alifungua dirisha ili itoke, harufu ikazidi. Saa ya dashibodi ilionyesha kumi na robo kamili.

Psssss...

Alikuwa ameusikia mlango ule tangu utotoni. Mlango wa basi ukifunguka. Gari lake dogo la milango miwili halikuwa na mlango wa namna hiyo. Nyuma yake siti ikalia, kama mtu mzito ameketi.

Viorel hakutazama kioo. Nani angetazama?

Kisha usukani wa gari ukaanza kuvuta. Aliushika kwa mikono miwili, akauvuta kulia mpaka mabega yakamuuma. Gari likaenda kushoto, likaacha lami, likateremka njia ya kokoto iendayo kwenye gati la zamani. Akakanyaga breki.

Pedeli ikazama mpaka chini, laini, kana kwamba amekanyaga unga.

Akakanyaga tena.

Hakuna breki.

"Unaona, mwanangu?" Pumzi ya mnanaa ilimgusa sikio. "Unaona ninavyofanya kazi?"

Haikuwa sauti ya hasira. Hilo ndilo lililomtoa Viorel machozi hata kabla ya hofu. Ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka, anayeona aibu kwa kazi mbaya anayoifanya.

Akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote. Gari likazunguka, likalia, likasimama. Mbele ya taa zake hakukuwa na kokoto tena. Kulikuwa na maji meusi, na mvuke juu yake.

Kimya.

Kisha kwenye buti, ndani ya blanketi... krrr.

* * *

Aliliacha gari palepale. Alibeba usukani kifuani, pedeli zikimgonga magoti, akatembea mpaka nyumbani kwa shangazi yake. Safta alikuwa ameketi jikoni na kalamu mkononi. Neculai alikuwa upande wa pili wa meza akivunja karanga za mti, kofia magotini.

"Nimeurudisha, shangazi."

Safta hakuinua kichwa. "Vua viatu, unachafua sakafu."

"Nilibadilisha. Mkesha wa arobaini. Nisamehe. Mpe Neculai huu mzima sasa hivi, tuwashe mshumaa..."

"Mimi nilishapokea, bwana mdogo," alisema Neculai, bila kumtazama. "Nikajibu. Kesho yake nikauchomeka nijikumbushie kazi. Kituo cha kwanza tu nikaingia kwenye nguzo. Ndipo nikamwambia shangazi yako."

"Kwa hiyo mmejua muda wote huu."

"Tangu siku ya arobaini na moja," alisema Safta.

"Na hukuniambia?"

Sasa aliweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa makavu, na Viorel alitamani yangekuwa na machozi.

"Nikifumba macho namsikia. Miaka thelathini na moja, Viorel, hakumgonga hata kuku. Kule ameshagonga. Ananiambia huku analia. Wazee wanaovuka taratibu na mikoba yao. Anakanyaga, anakanyaga... hakuna kitu. Na anashuka kuwaokota, na anawajua kwa majina."

Karanga ikavunjika mkononi mwa Neculai. Hakuna aliyeila.

"Basi mpelekee huu," alinong'ona Viorel. "Nakuomba. Mpelekee leo."

"Arobaini ni moja. Sadaka nyingine kubwa ni ya mwaka. Mpaka wakati huo anaendesha hivyohivyo." Akaigeuza karatasi iliyokuwa mbele yake, akaisogeza upande wa Viorel. "Kwa hiyo nikamtafutia mtu wa kumshikia breki."

Ilikuwa karatasi ya majina, ile ambayo kila Jumamosi hupelekwa kanisani ili padre aisome. Upande mmoja walio hai. Upande wa pili, chini ya msalaba mweusi, waliokufa. Chini ya msalaba palikuwa na jina la Pandele.

Chini ya Pandele palikuwa na jina lake.

Mwandiko mzuri, uliopangika. Mwandiko uleule uliokuwa ukimwandikia kadi za siku ya kuzaliwa.

"Mimi niko hai, shangazi."

"Huku, ndiyo."

"Padre..."

"Padre anasoma majina, haulizi. Amekusoma Jumamosi sita."

"Nifute. Mimi ni mtoto wa kaka yako. Mlinilea ninyi."

"Yeye ndiye aliyekulea," alisema Safta. "Mimi nilipika tu." Akainuka, akauchukua usukani mikononi mwake kwa upole, akaupangusa kwa aproni, akauweka juu ya kabati, karibu na kofia ya kazi. "Lililosomwa halifutiki kwa kifutio. Kaa."

Viorel alikaa. Na mguu wake wa kulia, bila yeye kuuambia, ukashuka, ukakandamiza sakafu.

Haukuinuka mpaka saa sita na robo usiku.

* * *

Madaktari wawili walisema ni mishipa. Wa tatu alisema ni mawazo, akampa vidonge. Vifaa vya nyumbani vikapona siku ileile. Winga akafunga magoli, mashine ikafagia pembe zote. Viorel hakuwa na hamu ya kucheza. Aliacha kazi ya kupeleka vifurushi, akapata kazi ya asubuhi ghalani, kwa kuwa kila siku saa kumi na robo, popote alipo, anasikia psssss... na mguu unashuka. Kwa muda wa saa nane. Zamu nzima. Jasho linamtoka na paja linakaza kama gogo.

Mwezi wa Januari alijaribu mara moja. Aliushika mguu kwa mikono miwili, akauinua kutoka sakafuni, kidogo tu, upana wa kidole.

Mbali sana, matairi yakalia. Mwanamke akapiga ukelele.

Kisha simu yake ikaita. Alikuwa Safta.

"Weka mguu chini," alisema, akakata.

Aliuweka. Hakurudia tena. Alihesabu miezi. Machi, Juni, Agosti. Septemba ilipofika alikwenda kwenye sadaka ya mwaka akichechemea, amenyoa, amevaa shati jeupe, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza. Akajipanga karibu na kabati. Shangazi Safta aligawa mikate na mishumaa. Akagawa taulo. Akampa mama mmoja vikombe sita, akampa Neculai mwavuli mpya, kila mmoja akajibu neno lake. Watu wakala, wakamwombea marehemu, wakaaga mmoja mmoja.

Usukani ulikuwa bado juu ya kabati. Haukuwa na hata chembe ya vumbi.

"Na usukani, shangazi?"

Safta alikuwa akikusanya sahani. "Mwaka huu nimempelekea mwavuli. Anasema kule mvua ni nyingi."

"Ulisema mwaka."

"Nilisema sadaka ya mwaka. Desturi ni miaka saba, mwanangu. Tutaona." Akamtazama usoni, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule shangazi wa zamani, mwenye huruma, na hilo lilimtisha Viorel kuliko karatasi ile. "Ameniambia hajagonga mtu tangu umeanza. Analala sasa. Anakusifu."

Akamvutia kiti, kile cha Pandele.

"Kaa. Saa kumi na robo inakaribia, na mjomba wako hapendi kuanza zamu kwa kuchelewa."

Nje, kwenye mtaa usiopita basi lolote...

Psssss.

Viorel akaketi. Akavua kiatu cha kulia, maana kilikuwa kimeshatoboka soli, akauweka mguu chini.